Mchoro Uliokatwa Vipande Vitatu

Kwa miaka kumi na moja nilitengeneza fremu za picha katika karakana moja ya Anderlecht, Ubelgiji, na katika muda huo wote ni mchoraji mmoja tu aliyekuwa akija mwenyewe kuona kazi yake ikifungwa. Alikuwa mzee wa Kifilipino, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Ujanani, huko Manila, alichora mabango ya sinema: nyuso za waigizaji, bastola, machozi. Alipokuja Ulaya kusoma aliacha kuchora nyuso kabisa.

"Nilichoka kuwaliza watu kwa uongo," aliniambia.

Michoro yake haikuwa na mtu wala nyumba. Alitandaza turubai sakafuni, akamwaga rangi nyepesi kama chai, akangoja ikauke, akamwaga nyingine juu yake, tena na tena, mpaka rangi ya chini ikawa inachungulia kupitia ile ya juu. Mwisho alipiga mstari mmoja mweusi, kutoka kushoto hadi kulia, bila kuinua brashi. Mstari ukimharibikia, alitupa kazi nzima.

Mwaka jana miguu ilimshinda, akahamia nyumba ya wazee huko Woluwe. Basi mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia michoro yake, Mbelgiji aliyezaliwa kwetu Kivu kwenye shamba la baba yake, akaja karakanani na mchoro mkubwa kuliko yote, mita nne. Mimi alinisemesha Kiswahili siku zote, kile cha kuamuru vibarua.

"Kata tatu," akasema. "Hapa na hapa."

"Mzee amekubali?"

"Mzee hajui hata leo ni siku gani. Bon, watu wana nyumba ndogo. Na hii haina kichwa, haina miguu. Nani ataona?"

Nilisema sikati. Akacheka, akachukua kisu mezani kwangu, akaniambia nishike turubai lisikunjamane. Nikashika. Hilo linanitia kinyaa mpaka leo kuliko kicheko chake: nilishika vizuri, nimelivuta sawasawa. Kisu kilipofika kwenye mstari mweusi, rangi kavu ilipasuka kama ukoko unaobanduliwa sufuriani. Nilikimbilia chooni nikatapika.

Siku ya maonyesho nilikuta kipande cha kati kimetundikwa juu chini. Watu walisimama mbele yake na glasi zao. Bibi mmoja alisema anaona mashamba ya mpunga. Nikamwambia yule Mbelgiji kwamba kimegeuzwa.

"Papa, kunywa divai," akanijibu, akanipigapiga shavuni.

Kesho yake niliacha kazi, nikaenda Woluwe. Mzee alinitambua mara moja, akauliza hali ya mke wangu; akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu. Nikamweleza yote, hata kwamba mimi ndiye niliyeshika.

"Ulikuwa unajua mstari ule ni nini?" akauliza.

"Nilijua. Ukikatika, kazi nzima imekufa."

Akaniomba nitoke.

Nimerudi mara nne tangu hapo, Jumapili baada ya misa. Kila mara mhudumu hupanda kumuuliza kama ataniona, kisha hushuka akitikisa kichwa. Simlaumu.