Mjerumani Mwenye Macho ya Mama

Mjerumani wetu tulimfinyanga kwa udongo wa Uluguru, na kasoro yake ilikuwa moja: hakujua kushtuka.

Mimi na rafiki yangu tulitengeneza filamu za vikaragosi nyumbani kwa mama yake, Mafiga. Unasogeza mkono wa udongo kidogo, unapiga picha, unausogeza tena. Mimi nilikuwa na digrii, kwa hiyo nilipewa kazi ya kushika taa. Studio ya filamu ya serikali ilituahidi kazi ya uongozaji endapo mkuu wake angeridhika na filamu hii. Asiporidhika, tungerudi kuchora vibao vya maduka.

Hadithi ilikuwa ya enzi za Mjerumani. Waluguru wanazika, mtani wao Mnyamwezi anajilaza kaburini, hatoki mpaka apewe chochote, kama watani wafanyavyo misibani. Ofisa wa Kijerumani anapita, anaona maiti anadai haki yake, anatimua mbio hadi Kisaki.

Mkuu alikuja mwenyewe kutazama. Hakucheka hata kidogo.

"Huyu ni Mnyamwezi wa wapi?" akauliza. "Amelala kama Mluguru aliyeshiba ndizi."

Kumbe na yeye ni Mnyamwezi! Akavua koti, akapanda juu ya meza yetu, akajinyoosha, mikono kifuani, macho kafumba.

"Mtani hulala hivi. Na sishuki mpaka mnipe kitu."

"Hatutoi kitu," rafiki yangu akamjibu. "Ozea hapo hapo, mtani. Au tuajiri."

"Waluguru mna roho ngumu nyie!"

"Maiti haongei."

Mimi nikawasha taa. Ndipo mama wa rafiki yangu akaingia na sinia la chai.

"Innalillahi!" Sinia likaanguka. "Mmemuulia mtu wa serikali nyumbani kwangu?"

Marehemu akafumbua jicho moja. "Shikamoo, mama. Chai ndiyo hiyo imemwagika?"

Mama akarudi nyuma mpaka ukutani, macho yamemtoka. Mkuu akaketi mezani akimnyooshea kidole.

"Huo! Huo ndio uso wa Mjerumani wenu! Mkiupata huo, kazi mnayo."

Tuliupata. Siku ya kuonyesha filamu mjini, mama alikaa mbele kabisa. Mjerumani alipoanza kukimbia, akamgeukia mwanawe.

"Mbona ana macho yangu?"

"Udongo tu huo, Mama," akajibu mwongozaji mpya wa serikali, huku akihama kiti.