Kidole Changu Kwenye Albamu ya Tatu

Kwenye jalada la albamu ya tatu ya mume wangu pameandikwa hivi: vinanda vyote vimepigwa na Mikono Minne. Mikono Minne ndiye yeye. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa bendi, kwa sababu ukimsikiliza umefumba macho utaapa kwamba wako wawili. Mimi nina neno na hilo "vyote", lakini tutalifikia.

Kwa kazi ni fundi wa majokofu. Husema jokofu zima huimba na jokofu bovu hulalamika, na mara nyingi huujua ugonjwa akiwa bado amesimama mlangoni mwa jiko la watu, mkoba begani. Baada ya kazi alikuwa na bendi. Walikuwa watano, wakipiga ile roki ndefu, wimbo mmoja unaomaliza upande mzima wa kanda na kugeuka sura kila ukidhani umeuzoea. Wakati wa uchumba wetu niliwahi kutoka ukumbini, nikaenda kula, nikarudi, nikaukuta wimbo ni uleule. Nilipomwambia alifurahi, akadhani namsifu.

Bendi ikavunjika. Mwimbaji aligombana na kila mtu mpaka akabaki kugombana na kipaza sauti. Mpiga besi alihamia mji mwingine, mpiga gitaa akaingia biashara ya matairi, na mpiga dramu akasema mgongo umemchoka. Mume wangu akabaki na vinanda vyake kwenye chumba cha nyuma, akaamua kutoa albamu za peke yake.

Chumba hicho kimepakana na karakana ya fundi wa kuchomelea. Mashine yake ya kukatia vyuma ikilia, hata mawazo yako huyasikii. Kwa hiyo albamu zote zimerekodiwa saa ya chakula cha mchana, jirani akiwa anakula. Siku akila haraka, wimbo ulikatika. Mume wangu alifikia hatua ya kumpelekea matunda baada ya chakula, ili aendelee kutafuna.

Albamu ya kwanza aliijaza pomoni. Alikuwa anaogopa kimya. Alipiga sehemu yake, ya gitaa, ya besi na ya mwimbaji, zote kwa mpigo, ikawa kama kikao ambacho kila mtu ana la kusema na hakuna mwenyekiti. Albamu ya pili alikwenda upande mwingine kabisa, na hapo akafanya kosa ambalo mtu asiyezeekea kwenye bendi hawezi kulifanya: mikono yake ilimwachia mpiga gitaa nafasi. Anapiga, anapiga, kisha ananyamaza, anasubiri gitaa liingie. Gitaa liko kwenye matairi! Yeye mwenyewe hakuyasikia mapengo yale, maana kichwani mwake gitaa lilikuwa linalia vilevile. Watu walirudisha kanda dukani wakidai ni mbovu. Nilicheka mpaka nilipouona uso wake, nikaacha.

Muda si mrefu akaalikwa kupiga peke yake kwenye sherehe ya kiwanda kimoja. Katikati ya wimbo akaacha nafasi, gitaa halikuja, akapotea. Aliinuka akatoka kwa mlango wa nyuma, watu wakitazamana.

"Nikikwama tena mbele za watu," aliniambia njiani, "naachana na vinanda. Basi."

Mume wangu si mtu wa vitisho vya bure. Akisema basi, ni basi. Na mimi, pamoja na midomo yangu yote, sikuweza kumwona ndani ya nyumba ile bila muziki wake. Niliogopa.

Albamu ya tatu ni wimbo mmoja mrefu, ulioanza na sauti moja tu. Sauti nene ya chini, inayoshikiliwa tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na mengine yote yanajengwa juu yake. Sasa kinanda chake kikubwa ni cha zamani, hakina swichi ya kushikilia sauti. Ukiinua kidole, sauti inakufa. Akawa anachomeka kijiti pembeni mwa kibonyezo ili kibaki chini. Mchana mmoja nilikuwa napita na nguo nilizokwisha kuzipiga pasi, kijiti kikachomoka, naye mikono yote miwili ina kazi kwingine. Akanionyesha kwa kidevu.

"Shika hapo! Hapo, hapo!"

Nikashika. Nguo zikaenda sakafuni. Nikakaa vile, nimeinama, mpaka wimbo ukaisha, na sauti mnayoisikia kwenye albamu ni ya kidole changu.

"Sasa mbona mimi sijaandikwa?" nilimwuliza jalada lilipoletwa.

"Mke wangu, kidole kimoja hakivunji chawa."

"Haya. Kaombe kijiti chako kikupikie."

Lakini mzaha kando. Miaka yote nilikuwa nimeusikia muziki ule nikiwa nyuma ya mlango. Kuwa ndani yake ni jambo jingine. Sauti ilipanda kidoleni, ikapita kwenye kiwiko, ikaniingia mbavuni, na juu yake mtu ninayemfulia soksi akawa anasimamisha kitu kikubwa kuliko nyumba yetu. Nilishindwa hata kumtazama.

Albamu hiyo ilipendwa. Chuo cha ufundi kikamwalika aje aipige yote kwenye ukumbi wao, Jumamosi mchana. Akakubali, kisha akawa anakichonga upya kile kijiti kila usiku. Nikamwambia kijiti akiache nyumbani, nitashika mimi. Waliniwekea kigoda ubavuni mwa kinanda, watu wakawa wanaona mkono tu. Wenzake wa zamani walikaa safu ya pili.

"Shemeji," mpiga dramu aliniita kwa sauti ya chini nilipokuwa napita, "leo atamaliza?"

"Kwani wewe umekuja kuangalia nini?" nikamjibu.

Alianza vizuri. Alipokaribia katikati, mahali ambapo zamani gitaa lingeingia, niliona mikono yake inapunguza mwendo, na nikajua kinachokuja kama unavyojua maziwa yanataka kumwagika. Mikono ikasimama hewani. Haikurudi. Ukumbini ikabaki sauti yangu peke yake.

Nilimtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye ndevu, na macho ni yaleyale ya kule kiwandani.

"Achia," akaninong'oneza.

Nilimwelewa. Nikiinua kidole, wimbo utakuwa umeisha. Watu wangedhani ameamua kuufupisha, wangepiga makofi, na aibu isingemfika. Tungejua mimi na yeye, na wale wa safu ya pili. Na kesho yake vinanda vingefunikwa shuka.

"Siachii."

"Achia, mama. Nimepotea."

"Potea tu. Mimi nipo hapa."

Hasira ilinipanda. Sikuvumilia mashine ya jirani na matunda yake miaka yote ile ili mtu aje aishie katikati. Nikabonyeza kana kwamba kinanda kinataka kukimbia. Kidole kiliuma, kisha kikafa ganzi. Watu walikuwa kimya kama maji mtungini. Ndipo sauti ile niliyodhani ni moja ikaanza kufunguka. Ndani yake mlikuwa na nyingine nyembamba, na juu ya hiyo nyingine tena, zinazunguka polepole. Sijui zilikuwamo siku zote au zilikuja siku ile. Naye alizisikia, kwa sababu aliinamisha kichwa.

Mkono wa kushoto ukashuka. Haukushuka pale albamu inapotaka. Alianza kitu ambacho sijawahi kukisikia chumba cha nyuma wala kwingineko, taratibu, kama mtu anayepapasa njia kwenye nyumba ngeni, kisha mkono wa kulia ukaufuata, na hakukuwa tena na pengo la kumsubiri mtu. Nywele zilinisimama. Muziki ulijaa mpaka nikahisi paa limeinuka. Mpiga gitaa alikuwa amesimama wima bila kujitambua, mfanyabiashara mzima wa matairi, mdomo wazi. Mungu wangu, nikasema moyoni, na huyu ndiye anayesahau kufunga bomba?

Alipofika mwisho akaondoa mikono. Kwenye mazoezi, hapo ndipo aliponipa ishara ya kichwa, nami nikaachia. Nikasubiri. Ishara haikuja. Nikageuka nikamwona amefumba macho, mikono iko mapajani, anasikiliza kama wasikilizaji wengine.

Nikaelewa kwamba wimbo ameumaliza yeye, na mwisho wake amenipa mimi. Mimi, ambaye sijui kupiga hata wimbo wa watoto. Ukumbi mzima ulikuwa umening'inia kwenye kidole changu, na hakuna aliyekohoa. Nilikaa nayo sauti ile, nikaisikiliza yote, ile nene na zile nyembamba. Sikuwa na haraka. Nilipotosheka, nikainua kidole.