Ng'ombe wa Waslavi, pembe, na swali lililomnyamazisha madam

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Nimesoma hadi darasa la tatu tu, na hapa siongezi chumvi.

Niko Dubai mwaka wa kumi na tisa. Nilianza kulinda geti juani, leo ni mkuu wa walinzi hoteli moja Al Barsha. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Juzi ukumbini kwetu kulikuwa na mkutano wa wasomi wa lugha. Asubuhi madam mmoja Mpoland akaja mapema kufanya mazoezi ya hotuba yake. Ukumbi mtupu, mimi niko duty mlangoni.

Akasema Waslavi wa kale, mababu wa Warusi na Wapoland, ng'ombe jike walimwita "korva". Hakuna aliyeliandika neno hilo enzi hizo. Wasomi wamelinganisha lugha za wajukuu mpaka wakalifikia. Na wengi wanaona mzizi wake ni pembe, yaani mwenye pembe.

Msicheke. Hata mimi namjua babu yangu wa saba na picha yake hakuna.

Akaniona nasikiliza. "Sir, kuna profesa huniuliza kila mara: fahali ana pembe kubwa zaidi, mbona jina apewe jike? Mwaka jana nilinyamaza mbele ya watu. Leo yupo."

"Madam, huyo hajachunga."

Nikamweleza. Jike akizaa, mwili unapungukiwa, pembe inaacha mkunjo kama pete. Sokoni kwetu Kericho hatumuulizi mwenye ng'ombe amezaa mara ngapi, atadanganya. Tunapapasa pembe ya jike, tunahesabu pete. Ya fahali ni ya kupigana tu.

Akaandika mbio. "Huu si ushahidi," akasema, "lakini ni jibu."

Mchana profesa akauliza kweli. Madam akajibu bila kutetemeka, kisha akanyoosha kidole mlangoni: "Nimefundishwa na mzee yule."

Ukumbi mzima ukageuka. Nikasimama wima, tai imenyooka.

Kikao kilipoisha profesa akanijia na simu, picha ya pembe kuukuu. "Haya, huyu alizaa mara ngapi?"

Nikaikuza, nikahesabu. "Sita. Na hapa katikati pete zimeachana, kuna mwaka hakushika mimba."

Akairudisha simu mfukoni. "Alikuwa wa bibi yangu," akasema. "Ndama sita. Khalas, mzee, yameisha."

Akarudi ndani, akampa madam mkono mbele ya wote.

Funzo langu: shule sikuipata, lakini nilichokijua kwa vidole vyangu hakuna wa kuninyang'anya.

Mliochunga, kwenu pembe mnazisomaje? Na wabishi karibuni, ila mje na pembe, vyeti acheni nyumbani.