Ng'ombe wa mwenyekiti yuko bandani kwangu, na mwanangu ndiye mkaguzi

Admin, nifichie jina langu na la kijiji. Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Huku mlimani, juu ya Moshi, tunamshukuru Mungu. Mama mkwe anawasalimu, miguu inamsumbua na hii baridi. Mdogo wangu aliyekuja kutoka Holili anawasalimu. Wajukuu wako shule, nao wanawasalimu. Hata ng'ombe amezaa salama, na huyo ng'ombe ndiye aliyefanya niwaandikie.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, shule niliishia la nne. Kwa ndizi na maziwa nilimsomesha binti yangu mpaka akawa mkaguzi wa hesabu kwenye ofisi moja hapo mjini. Mwaka huu ofisi yao ilipewa kazi ya kukagua chama chetu cha kahawa. Nilivyofurahi, nikatangaza mpaka kanisani.

Haikupita muda mwenyekiti wa chama akaniletea ng'ombe mwenye mimba. Akasema banda lake linavuja, nimtunzie, maziwa yangu, ndama wake. Huku kwetu kutunziana ng'ombe ni kawaida, wala sikuuliza. Tena mzee huyu ndiye aliyenitetea mume wangu alipofariki, mashemeji wakitaka kunitoa kwenye kihamba, shamba letu la ukoo. Sasa wamefungua kesi upya, na shahidi aliyebaki ni yeye tu. Mama mkwe siku hizi hata jina langu analisahau.

Binti akagundua kahawa ya wakulima imeuzwa na kwenye hesabu haipo. Akakataa kusaini. Siku alipokuja kunisalimia akasimama bandani, akauliza, “Mama, huyu ng'ombe ni wa nani?” Nikamwambia. Akakaa chini juu ya majani na nguo zake za ofisi. Akanieleza kwamba kwa maadili ya kazi yao, nikipokea kitu kwa anayekaguliwa ni kama amepokea yeye.

Nikataka kumrudishia mwenyekiti ng'ombe wake. Akakataa, akacheka. “Mama, mwache ale. Mwambie mwanetu asaini, la sivyo bodi ya wahasibu itasikia kwamba mama yake anakunywa maziwa yangu.” Halafu akasema taratibu kwamba uzee umemwingia, na yeye ameanza kusahau mambo, hata ya kihamba.

Binti anasema ataenda bodi mwenyewe kabla ya mzee, hata kama watamsimamisha kazi. Anataka niandike ng'ombe alifikaje kwangu. Nikiandika, nani atanisemea kwenye shamba alipozikwa baba yake? Nilimwomba asaini tu, yaishe. Akaniangalia sana. “Mama, na kahawa yako imo humo.”

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Jumapili baada ya ibada anapanda kuchukua hiyo karatasi, na mwenyekiti amesema Jumapili hiyo hiyo atapita kumwona ndama. Nishaurini wanangu, nifanye nini? Nijibuni upesi, simu hii ni ya mdogo wangu, na Jumamosi anarudi nayo Holili.