Sindano za Mama Pindo

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa hapakuwa na suruali ya mtaa ule ambayo pindo lake halikupitia mikononi mwake. Alishonea kibarazani, chini ya ngazi za jengo kuukuu alimopanga chumba: kigoda, kikapu cha nguo, na mto mdogo wa kitambaa uliochomekwa sindano. Macho yalikwisha kuchoka. Mshono aliuona kwa vidole. Tundu la sindano ndilo lililomshinda. Kwa hiyo kila aliyepita alinyooshewa sindano na uzi, hata salamu haijaisha.

"Nitungie, baba, kabla hujaenda kuwapunja watu," alimwambia muuza nyama.

"Nakutungia mbili, mama, ila suruali yangu uiharakishe. Upepo umeanza kunipigia hodi kwa nyuma."

Jua likipanda, mto ulikuwa umejaa sindano zenye uzi, kazi ya kutwa nzima. Mgeni angedhani anaombaomba. Kumbe alikuwa akiufundisha mtaa wenye haraka kusimama kidogo.

Mtaa wenyewe haukuwa wa kujivunia. Maji hayakupanda ghorofani ila kwa ndoo. Mvua ikidondoka kidogo tu, mfereji ulifurika. Muziki wa baa ya jirani ulitikisa vyombo kabatini. Tena siku moja kibaka alimvamia Mama Pindo kwenye giza la ngazi, akampokonya mkoba na kumwacha chini, goti limechubuka. Binti yake, karani wa bima, aliposikia alikuja mbio na gari la kukodi.

"Mama, hapa hapakufai tena. Kwangu chumba kipo, kimekaa bure."

"Haya, nitakuja nijaribu. Lakini kikapu changu nakuja nacho."

Kule pembezoni mwa jiji kulikuwa kuzuri, hilo hakulikataa. Bomba lilitoa maji ukiligusa tu. Jua liliingia dirishani likalala naye kitandani. Hata kazi alitafutiwa: magauni ya wenzake binti, ya kupunguzwa urefu. Lakini asubuhi binti alikwenda kazini, nyumba ikabaki na saa ya ukutani, na uzi ukaisha kwenye sindano. Mama Pindo akatoka getini kumngoja mpita njia.

Barabara ilikuwa safi na tupu. Magari yalipita vioo vimefungwa. Mwishowe akatokea mwanamke mwenye mfuko wa mboga. Mama Pindo, kwa mazoea yake, akanyoosha mikono bila neno: huku sindano, huku uzi mwekundu. Mwanamke akaikodolea macho sindano, akamtazama huyo mzee asiyemjua, akautupa mfuko na kutimua mbio.

Jioni habari zilimpokea binti kabla hajafungua geti.

"Mama! Majirani wanasema unaroga."

"Kwa uzi wa pindo? Mchawi gani asiyeliona hata tundu la sindano?"

Wakacheka mpaka machozi. Kisha binti akaliona gauni kitini, limepindwa nusu tu.

"Nitakutungia mimi kila usiku, zote za kutwa."

"Unarudi umechoka, mwanangu. Halafu si uzi tu. Anayenitungia huniachia na neno, nalo ndilo ninaloshinda nalo."

"Na ngazi zile je? Na yule mwizi?"

"Namwogopa. Lakini siku ile nilipopiga kelele, milango yote ilifunguka. Hapa nimemnyooshea mtu sindano, akakimbia."

Binti akalikunja lile gauni, akalitia kikapuni.

Jumapili alimrudisha, uso umekunjamana. Maji ya mfereji yalikuwa yamefika kibarazani. Ila ngazini palikuwa na taa mpya, waya wake umening'inia ovyo.

"Nani ameiweka?" binti akauliza.

"Mimi," muuza nyama akajibu kutoka ng'ambo ya barabara. "Si kwa upendo, dada. Mama yako akivunjika mkono, suruali yangu nitampelekea nani?"

Binti alijaribu kununa, akashindwa. Akamkagulia mama yake kufuli la mlango, akaijaza ndoo maji, akashuka kuaga. Mama Pindo alikwisha kukaa kigodani, mikono ameinyoosha mbele.

"Na wewe utapita hivihivi?"

Binti akaweka mkoba chini, akaupokea uzi, akalowesha ncha yake kwa ulimi.

"Lete na zile nyingine," akasema.