Ameacha au Ameachishwa

Mama Vifungo alianza kushona sare katika karakana ile nywele zake zikiwa bado nyeusi tii. Jina alipachikwa na wenzake, kwa kuwa vifungo alivibana midomoni na soga akapiga vilevile, asimeze hata kimoja. Enzi hizo! Cherehani zilinguruma mpaka watu wanasemezana kwa macho, pasi zinafuka mvuke, harufu ya kitambaa kipya imejaa chumba kizima, na bosi, mpole kupita kiasi, anapita meza kwa meza akiuliza watoto hawajambo.

Kisha oda zikakauka, karakana ikafungwa. Siku ya mwisho bosi alimuuliza aandike nini kwenye barua yake.

"Andika nimeacha kazi," akasema, kidevu juu. "Sitaki mtu aje kusema nilifukuzwa kama mwizi wa uzi."

Bosi naye alikuwa anaona haya kumwachisha mtu kazi, akaandika upesi upesi. Wakaagana kila mmoja akiamini amemtendea mwenzake wema. Wema wa kijinga huo!

Barua akaipeleka kwenye ofisi inayolipa fao la kukosa kazi. Binti wa dirishani akaisoma, akamrudishia.

"Mama, hapa umeacha mwenyewe. Fao ni la aliyeachishwa."

"Mwanangu, karakana imefungwa! Ningeshona wapi, hewani?"

"Basi mwajiri aandike hivyo. Sheria inamtaka aseme sababu ya kweli. Na usikawie, muda wa kuomba una mwisho."

Mama Vifungo akatoka amenywea. Bila fao hilo angehama nyumba aliyolelea wanawe, maana mwenye nyumba alishaanza kumwamkia kwa kununa.

Alimkuta bosi karakanani peke yake, anafunika cherehani kwa mashuka.

"Bosi, nifukuze."

"Ati nini?"

"Niachishe kazi. Tena kwa maandishi."

"Dada yangu, nikufukuze wewe? Mkono hautaki."

"Mkono huohuo uliokuwa unatukatia mishahara tukichelewa, leo umepooza? Heshima yako haitanilipia kodi."

Bosi akacheka, macho yamemlowa. Akaegemea meza ya kukatia vitambaa, akaandika upya: ameachishwa kazi kwa sababu karakana imefungwa. Neno "ameachishwa" aliliandika polepole, kama anayetia uzi kwenye sindano gizani.

Mama Vifungo akaisoma, akaikunja. Tangu karakana ifungwe alikuwa bado anaamka alfajiri, anaoga, anajifunga kitambaa kichwani kama mtu wa zamu. Alipokuwa ameacha mwenyewe, moyo ulimdanganya kwamba kurudi pia ni hiari yake.

"Umepata ulichotaka," bosi akasema. "Mbona huendi?"

"Nikae kidogo pale kwangu."

Bosi akaliondoa shuka alilokwisha kulitandaza juu ya cherehani ya Mama Vifungo, ile ya dirishani, akamvutia kiti.

"Kaa, dada. Hiyo nitaifunika mwisho."