Wali wa Harusi Bila Nailoni

Dada yangu anayekaa Magomeni, Kilosa mjini, ana kichwa kigumu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mimi nampendea hicho hicho kichwa.

Kwetu wali wa shughuli hufunikwa na nailoni. Maji yakishakauka, mpishi anatandaza mfuko mkubwa juu ya sufuria, anaweka sinia, anapalia makaa. Mvuke hautoki, wali unaiva wote. Hata mimi kwangu Mikumi nilipika hivyo bila kujiuliza. Dada naye alikuwa hodari wa nailoni, mpaka siku aliyofunua sufuria jikoni kwake akakuta mfuko umeyeyuka, una tundu, na kipande kilichotoka hakionekani. Akaupekua wali mzima kwa mwiko, wapi. Aliumwaga wote, watoto wakalala na uji.

Basi tangu hapo! Sokoni anakwenda na kikapu na bakuli la nyama. Mafuta ya kula anapimiwa kwenye chupa ya kioo. Uji wa moto haugusi kikombe cha plastiki, na jiko analiwasha kwa vijiti, si kwa kipande cha mfuko kama sisi wengine. Majirani wakampachika jina la Mzungu. Akacheka nao, na hakubadilika hata kidogo.

Juzijuzi alimwoza binti yake wa kwanza. Wakwe wanatoka Kisanga, watu wa kanisani, wanaojua kukaa kimya na kutazama. Wali ukitoka na kiini mbele ya wakwe, binti ndiye atakayebeba aibu hiyo kila akiingia jikoni kwa mama mkwe wake. Dada alilijua hilo vizuri, na bado akaagiza majani ya mgomba, yababuliwe motoni yalainike, ndiyo yafunike masufuria.

Wanawake wa kupika wakaitikia vizuri tu. Kumbe! Alipokwenda kuoga na kuvaa, wakatandaza nailoni. Walifanya kwa kumpenda, walitaka kumwokoa. Mimi nilikuwa ndani namvalisha bibi harusi.

Nilipotoka nilimkuta dada katika gauni lake jipya, koleo mkononi, anaondoa makaa. Hakuuliza nani kafanya. Aliinua masinia, akavuta ile mifuko mmoja mmoja, mvuke wote ukaenda zake. Loo, moyo wangu! Wageni wameshaketi, wali umekatishwa katikati. Ningekuwa mimi, ningewasema wale wanawake mpaka wakome. Yeye alinyunyiza maji kidogo, akafunika kwa majani, akapalia upya, jasho linamharibia poda.

Chakula kikachelewa. Wazee wakaanza kutazama upande wa jikoni, na mwishowe mama wa bwana harusi akaja mwenyewe nyuma ya nyumba. Vijana wa kike wakapiga shikamoo, akaitikia marahaba bila kuwaangalia. Mwenzetu mmoja akaanza kudanganya, ati mkaa ulikuwa na maji. Dada akamkatiza.

“Mkaa hauna kosa, mama. Walifunika kwa nailoni, nikaitoa. Siwezi kuwalisha plastiki wageni wangu, na binti yangu nimemfundisha asije akawalisha wajukuu wetu. Leo wali unaweza kutoka mbovu. Nisemeni mimi, yeye msimseme.”

Nilimwonea fahari dada yangu, na papo hapo nilimwogopea binti yake.

Mama yule akayatazama makaa juu ya sinia, akamtazama dada toka kichwani mpaka kwenye viatu vilivyojaa majivu. Kisha akavuta kigoda, akakusanya kitenge chake mapajani, akaketi karibu na jiko.

“Basi tungoje wote,” akasema. “Na ukitoka mbovu, tutaula hivyo hivyo.”

Dada yangu, ambaye kanisani hakudondosha hata chozi, akalia pale pale.